Bomba Lisilovuja

Binti yangu hatoki jasho. Watu wakisikia hivyo husema heri yake, wanacheka, na mimi huwaacha wamalize kucheka. Kisha nawaeleza. Wewe ukipanda ngazi unalowa, upepo unakupiga, unapoa. Yeye akipanda ngazi joto linabaki humo humo ndani. Alizaliwa bila tezi za jasho, akaota meno manne tu yaliyochongoka kama ya paka, na nywele zake unaweza kuzihesabu. Daktari wa kwanza alituandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi, refu, la kigeni. Niliikunja nikaitia kabatini. Jina halimpozi mtu.

Nyumbani tunamwita Siagi. Jina hilo alijipa mwenyewe akiwa na miaka minne, siku alipoona siagi inayeyuka mezani akasema, "Hii ni kama mimi." Sasa ana miaka sita.

Tuko watatu: mimi, Siagi, na baba mkwe wangu, ambaye namwita Baba tu. Mume wangu alifariki Siagi hajaanza kutambaa, na Baba akabaki nasi kwa sababu nilimtaka abaki. Alikuwa fundi bomba wa idara ya maji kwa miaka arobaini. Mimi nina stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, na mtaa mzima unaniita Mama Barafu.

Ukiuliza kwa nini fundi wa viyoyozi ana mtoto anayekufa kwa joto, jibu ni umeme. Tuko mwisho wa laini. Ikifika saa nne asubuhi kila mtu amewasha kiyoyozi chake, na umeme unaofika kwetu umeshachoka. Taa zinakuwa na rangi ya chai. Nilikuwa na kiyoyozi ukutani, nilikiunda mwenyewe kwa vipuri. Nikikiwasha, kompresa inaguna mara mbili, swichi inaruka. Kinachozunguka ni feni, na feni inapuliza joto lile lile. Kwa hiyo mimi nilikuwa kwenye ofisi za watu, juu ya ngazi, natengeneza baridi ya bwana mmoja aliyevaa koti, na Baba alikuwa nyumbani anamlowesha Siagi fulana kila baada ya robo saa.

Wiki ya tatu ya msimu wa joto fulana hazikutosha. Nilipigiwa simu kazini. Baba alisema neno moja tu, "Njoo." Nilimkuta Siagi ndani ya karai la maji, macho yamepinduka, visigino vinapigapiga ukingo. Degedege. Kipimajoto kilisoma arobaini na moja na pointi mbili.

Hospitali walimtuliza, wakamtundikia dripu. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alinitoa nje ya wodi.

"Mama, sitakudanganya. Safari hii ubongo umenusurika. Safari ijayo, sijui. Huyu anatakiwa akae kwenye chumba kisichozidi nyuzi ishirini na nane."

"Wodi yako ina nyuzi ngapi?"

Akaangalia dari. "Thelathini na sita."

"Basi tunarudi nyumbani."

"Nyumbani ni ngapi?"

"Thelathini na saba. Lakini kuna babu yake."

Msimu ulikuwa umebakiza wiki nane.

Nyuma ya ukuta wetu anaishi jirani anayefua nguo za watu. Tunamwita Dobi. Maji yake ya kufulia yalikuwa yamegeuza uchochoro kuwa tope, watu wakamjia juu, akaamua kuchimba shimo la kuyamwagia. Akamwita Fuko. Fuko ndiye anayechimba mashimo yote ya huku. Mfupi, mabega kama mlango, na jina lake halisi sijawahi kulisikia.

Siku ya pili baada ya kutoka hospitali, saa saba mchana, Siagi amelala na shuka bichi, Fuko akaanza kuimba kwa sauti ya kuamsha wafu. Nilizunguka ukuta kwenda kumnyamazisha. Nikamkuta mita tatu chini, ameegemea kuta za udongo, amevaa sweta.

"Wewe, una homa?"

"Homa ya nini? Napumzika. Nikipumzika mgongo unashika baridi."

"Baridi gani, Fuko? Huku juu tunaungua."

"Hayo ni yenu nyie mnaokaa juu, Mama Barafu. Huku ni hotelini. Ningekuwa na godoro ningehamia."

Nilikuwa na kipimajoto changu cha kazi mfukoni, chenye ncha ya chuma. Nikakifunga kamba nikakishusha. "Kichomeke kwenye udongo wa pembeni. Usikishike ile ncha."

Tukasubiri dakika tano. Alipokisoma nilimwambia asome tena. Ishirini na nne. Nilipokivuta nikakiweka ukingoni, pale pale juu ya kichwa chake, kilipanda hadi thelathini na nane.

Nilikaa chini kwenye udongo na nguo zangu za kazi. Jokofu halitengenezi baridi. Hilo nimewaeleza wanagenzi mara mia. Linachukua joto hapa, linalitupa pale, na umeme wote unaoliwa ni nauli ya kulibeba. Mimi na stashahada yangu sikuwa nimefikiri hata siku moja kwamba chini ya miguu yangu pako mahali pa kutupia joto, mchana na usiku, pasipojua kama huku juu ni msimu wa joto au wa kipupwe.

Jioni hiyo nilimweleza Baba mezani.

"Tunaivuta hewa ya chumba cha Siagi kwa feni ndogo. Tunaipitisha kwenye bomba, mita tatu chini, urefu mita thelathini kuzunguka nyumba. Inaacha joto lake huko, inarudi chumbani. Hiyo feni inakula umeme kama taa moja. Hata umeme huu wetu mchovu inauweza. Hakuna kompresa, hakuna gesi, hakuna cha kuharibika."

Baba alizungusha kikombe chake. "Bomba la hewa."

"Ndiyo."

"Sijawahi kulaza bomba la hewa."

"Bomba ni bomba, Baba."

Maneno hayo ni yangu. Siwezi kumsingizia mtu.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anakaa mbele kwenye laini, kwake umeme ni mzima. Alikitaka kiyoyozi changu, mimi nilitaka mabomba yake ya plastiki ya inchi sita. Tukabadilishana. Fuko alikuja kukishusha ukutani, akakibeba mgongoni mwake, akaliangalia lile tundu lililobaki.

"Sasa huna pa kurudi," alisema.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Nimesema tu."

Walichimba siku tisa, yeye na mwenzake mmoja. Udongo wetu chini ni wa mfinyanzi, mzito, unaong'ang'ania sululu. Kila koleo lilitoka na mlio wa busu. Siku tisa hizo Siagi aliishi ndani ya karai. Ngozi ya vidole ilikunjamana ikaanza kuchanika, na alipochoka kukaa majini alilia bila nguvu, kama mtu mzima anayelia asisikike. Mara mbili alifika arobaini. Mara mbili tulimrudisha.

Baba alilaza bomba. Alikuwa na miaka sabini na mbili na alishuka mfereji kila asubuhi kwa ngazi. Kila kiungio alikifuta kwa kitambaa, akakipiga msasa, akapaka gundi, akashika na kuhesabu hadi sitini kwa sauti. Alipomaliza aliziba ncha zote mbili, akajaza maji na kuyaacha siku nzima, kisha akapita mfereji wote na karatasi ya chooni akigusa kila kiungio. Karatasi ilitoka kavu.

"Halivuji," aliniambia. Kwa Baba hakuna neno kubwa kuliko hilo. Miaka arobaini, aliwahi kuniambia, na hakuna bomba alilolaza yeye lililofukuliwa kwa kuvuja.

Siku ya kufukia sikuwepo. Chumba cha baridi cha stoo moja ya dawa kilikuwa kimekufa na dawa za watu zilikuwa zinaharibika. Niliporudi mfereji ulikuwa umeshafungwa na Fuko anarukaruka juu yake kushindilia, huku akijipigia makofi mwenyewe. Niliziba madirisha ya chumba cha Siagi kwa magodoro, nikaunga feni, nikawasha.

Hewa iliyotoka ilikuwa na harufu ya gundi na nyuzi ishirini na sita.

Siagi aliweka uso wake kwenye mdomo wa bomba akafungua kinywa chake chenye meno manne. "Inaingia tumboni," alisema. Baba alitoka nje kukagua uzio ambao hauna tatizo lolote. Usiku ule binti yangu alilala na nguo kavu.

Kesho yake mchana kipimajoto kilisoma ishirini na tisa. Nikajiambia ni kwa sababu mlango ulifunguliwa sana. Siku iliyofuata thelathini na moja. Ya tatu, saa sita, thelathini na tatu, na feni inazunguka vizuri, na hakuna kitu kilichoziba. Niliifungua nikaifunga mara nne. Niliweka mkono wangu ndani ya bomba nikakaa hivyo, kama ninayemshika mtu mapigo. Siagi alikuwa nyuma yangu kitandani anahema kwa mdomo.

Saa nane degedege ikamshika tena.

Haikuwa ndefu. Dakika tatu. Ila ilipoisha alinitazama na hakujua mimi ni nani, na hiyo ilichukua dakika nyingine kumi. Zile kumi sitazielezea. Alipoita "Mama" nilimkabidhi kwa babu yake na shuka bichi, nikatoka nje, nikampigia Fuko simu.

"Njoo na koleo."

"Kuna nini?"

"Njoo."

Asubuhi na mapema alifika, tukafungua shimo moja karibu na ukuta. Udongo ulikuwa haujashikana, akashuka haraka. Karibu na chini koleo lilibadilika mlio. Akatupa juu kitu cheupe, chepesi, kikamwagika miguuni mwangu kama sukari.

"Mchanga huu umetoka wapi?"

Fuko aliniangalia kama anayeulizwa jua limetoka wapi. "Si mzee alileta lori zima? Umechekechwa, mkavu, safi. Bomba limezungukwa kote, nusu mita kila upande. Mimi nikamwambia mzee, hapa bomba limepata kitanda kuliko changu."

Nikamshushia kipimajoto. "Kwanza mchanga, uliogusa bomba."

"Thelathini na tatu."

"Sasa chomeka kwenye udongo wa pembeni, ule wa asili."

Akanyoosha mkono. Tukasubiri. "Ishirini na tano."

Kati ya mtoto wangu na nyuzi ishirini na tano palikuwa na nusu mita ya mchanga mkavu. Punje na punje, na katikati ya punje hewa iliyokufa, isiyopitisha joto. Siku ya kwanza mchanga wenyewe ulikuwa na ubaridi wa kumpa. Ukampa wote, ukajaa joto, na joto lile halikuwa na njia ya kwenda mbele.

Fuko alikuwa ameshaelewa. Alishika kifua cha fulana yake. "Tumelivika sweta."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, Siagi begani kwake.

"Baba, ulitia mchanga."

"Ndiyo." Hakuelewa swali. "Bomba hulala kwenye mchanga. Bila mchanga jiwe linalitoboa, udongo unalikunja. Hiyo ni kazi ya siku ya kwanza, mwanangu. Hata mwanafunzi anajua."

"Hilo ni bomba la maji. Hili lilitakiwa liguse udongo. Lishikane nao."

Aliutazama ule mchanga mweupe miguuni mwangu.

"Umemfunika mjukuu wako blanketi," nikasema.

Sina sababu ya kupunguza nilichosema. Nilikisema, na alikisikia. Alinipa Siagi taratibu, akahakikisha nimemshika, akaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya ukuta.

"Kuutoa wote siku ngapi?" nilimuuliza Fuko.

"Kufukua, kuutoa mchanga, kurudisha udongo tukishindilia chini ya bomba kwa mkono?" Alifuta uso. "Kumi na mbili. Nikikudanganya, kumi."

Redio asubuhi ilikuwa imesema wiki hii itafika arobaini. Siagi alikuwa shingoni kwangu, moto kama sufuria. Nilifikiria mambo ambayo mtu hafikirii. Nilifikiria kumshusha kwenye shimo la Dobi na kukaa naye huko wiki sita. Lakini lilikuwa limeshajaa maji ya sabuni. Nilifikiria chumba cha baridi cha stoo ya dawa, na mlinzi wake, na nitamdanganya vipi. Nilifikiria kurudi kwa mwenye duka kumpigia magoti anirudishie kiyoyozi ambacho kwangu hakiwaki. Nilikuwa nazunguka duara kwenye uwanja wa nyumba yangu na mtoto begani, na Fuko alikuwa bado shimoni, ameegemea koleo.

Baba akasimama. Alikwenda hadi ukingoni.

"Nipe ngazi," alimwambia Fuko.

"Mzee, kaa tu—"

"Nipe ngazi."

Akashuka. Alipiga magoti kwenye mchanga wake akauwekea kiganja, akakaa hivyo muda. Alipozungumza alikuwa anazungumza na mchanga.

"Idara haikutupa mashine ya kutafuta mivujo. Tulitumia hiki." Aligeuza kiganja. "Saa sita mchana unapita juu ya njia ya bomba umeinama, unapapasa. Pakavu panakuunguza. Panapovuja, mchanga ni baridi kama tumbo la chura. Unaweza kujua hata kwa mbali, unanyoosha mkono tu." Akainua macho kuniangalia. "Mchanga ukilowa si mchanga ule tena, mwanangu. Joto halikai humo."

Niliuona ukurasa. Nakuapia niliuona, wa kitabu cha mwaka wa pili, na jedwali lake: mchanga mkavu, mchanga uliolowa, na tarakimu ya pili mara tano au sita ya ile ya kwanza. Maji yakijaza ile hewa iliyokufa, joto linapata njia.

"Unataka livuje," nilisema.

"Si hili." Alipiga bomba la hewa kwa vidole, kama anayepiga mgongo wa ng'ombe. "Hili halivuji. Tutaweka mengine yavuje juu yake."

Nyuma ya nyumba alikuwa na vipande vya mabomba ya inchi moja alivyovihifadhi miaka yote, kila kimoja kimefungwa kitambaa mdomoni wadudu wasiingie. Akatoa kumi na vitano. Akachukua keekee, akaweka cha kwanza juu ya goti, na hapo keekee ikabaki hewani. Hakuwa amewahi kulitoboa bomba zima. Nilimlaza Siagi kwenye karai kivulini, nikaja nikakishika kile kipande huku na huku.

"Toboa, Baba."

Akatoboa. Tundu la kwanza lilimchukua dakika nzima. Baada ya hapo alitoboa kama anayelipiza kisasi.

Fuko alipita juu ya mfereji na mtaimbo, kila mita mbili shimo moja jembamba hadi kwenye mchanga, na mimi nikatumbukiza vipande. Saa tano vyote kumi na vitano vilikuwa vimesimama kama mishumaa. Sasa maji. Bomba la mtaa hutoka mara mbili kwa wiki na siku hiyo haikuwa yake. Pipa letu lilikuwa na nusu, na nusu hiyo ilikuwa ya mashuka ya Siagi.

Kichwa cha Dobi kikatokea juu ya ukuta. Alikuwa amepanda kwenye kitu. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi.

"Nyie mnatafuta maji?"

"Yoyote," nikasema.

"Hata machafu?"

"Hata machafu."

"Mwezi mzima natukanwa kwa maji machafu. Kumbe kuna watu wanayalilia." Akashuka, tukasikia mabeseni yanagongana. "Njooni basi, shimo limejaa. Mimi siwezi kubeba peke yangu, mgongo ni mmoja."

"Kwa hiyo lile shimo langu nililichimba la nini?" Fuko aliuliza.

"La kunihifadhia. Beba ndoo."

Ndoo ya kwanza nilikuwa nimeshaiinua ndipo nikasita. Maji yalikuwa ya kijivu, na povu, na uchafu wa nguo za watu arobaini. Chini ya hapo palikuwa na bomba ambalo mwanangu anavutia pumzi.

"Baba. Kikivuja kiungio kimoja tu, haya yanaingia kifuani kwake."

Alikuwa ameketi tena kwenye ndoo yake, amechoka, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Hakukasirika.

"Hakitavuja," alisema.

Nilimwaga. Sikuwa na kingine cha kufanya, lakini si hivyo tu. Nilikuwa nimemwona akihesabu hadi sitini.

Tulimwaga tangu saa tano na nusu. Dobi na Fuko wakachota, mimi nikabeba, kila bomba ndoo nne kwa zamu. Mchanga ulikunywa bila kushiba. Baba alihamia chumbani kwa Siagi na kipimajoto, akawa anasoma kwa sauti kupitia upenyo wa godoro la dirishani kila robo saa, kwa sauti ya mtu anayeita majina mahakamani.

"Thelathini na tatu."

Ndoo ishirini.

"Thelathini na tatu."

"Na yeye?"

"Thelathini na tisa na nusu. Nimembadilisha shuka."

Saa saba. Jua lilikuwa limesimama juu ya ukuta halisogei. "Thelathini na tatu." Niliacha kuhesabu ndoo. Dobi alikuwa amevua viatu. Fuko hakutania. "Thelathini na tatu na pointi tano," Baba alisema, na nikasimama katikati ya uwanja na ndoo mkononi. Ilikuwa inapanda. Nilikuwa nimemwaga uchafu wa mtaa juu ya pumzi ya mtoto wangu na ilikuwa inapanda. Maji yale yalikuwa yamekaa juani shimoni kwa Dobi. Yalikuwa yenyewe yana uvuguvugu. Nilijua hivyo. Nilijua kwamba yanahitaji muda wa kuushika ubaridi wa udongo. Kujua hakukunisaidia kitu.

"Usiache," Baba alisema dirishani.

"Yeye?"

"Usiniulize. Mwaga."

Nikamwaga.

Saa nane na nusu alisema thelathini na mbili. Saa tisa, thelathini na nusu. Dobi akaketi chini akaanza kucheka bila sauti. Saa tisa na nusu, ishirini na tisa. Niliingia ndani na mikono inayonuka sabuni, nikapiga magoti mbele ya mdomo wa bomba, nikanusa. Nilinusa kwa muda mrefu, nikitafuta sabuni, jiki, jasho la watu. Palikuwa na harufu ya plastiki tu, na ya baridi.

Saa kumi na nusu, ishirini na saba. Siagi alikuwa thelathini na nane na pointi mbili, amelala na shuka bichi tumboni, babu yake anampepea kwa jarida kuukuu ingawa hakukuwa na haja tena. Alifungua macho. Alinitazama, na safari hii alinijua.

"Mama, naona baridi."

Tangu azaliwe hajawahi kusema hivyo msimu wa joto. Nilifikiri ni homa. Nikampima tena. Joto lake lilikuwa linashuka. Haikuwa homa.

"Nifunike," alisema, kwa ukali kidogo, kama anayeshangaa kwamba mpaka aniambie.

Nilikwenda kabatini. Hakukuwa na kitu. Kila shuka la nyumba ile, kila taulo, kila pazia, vilikuwa kwenye ndoo au mwilini mwake, vinachuruzika. Mwisho nilivua koti langu la kazi, lenye mafuta ya kompresa kwenye mikono, nikamfunika nalo hadi shingoni.

Baba aliendelea kupepea.

"Bomba ni bomba," nilimwambia. "Nilisema mimi."

"Nilisikia."

"Baba, lile neno la blanketi—"

"Mtoto amelala," alisema. "Zungumza taratibu."

Msimu haujaisha. Zimebaki wiki tano na siku mbili, na jana ilifika arobaini na moja. Kila siku saa sita Baba anavaa kofia, anapita juu ya njia ya bomba ameinama, anapapasa ardhi kwa kiganja, hatua kwa hatua, kuzunguka nyumba nzima. Mimi nikiwa nyumbani huwa chumbani na kipimajoto, namsikiliza anavyosogea. Akifika mahali, anagonga ukuta mara mbili.

"Hapa pamekauka. Mwambie Dobi alete beseni."